Babu Hatembei, na Jumapili Wanakuja Kumwona

Dada Mkubwa, shikamoo.

Najua meza yako imejaa barua za watu wenye shida nzito, ndoa zimevunjika, watoto hawasemezani na wazazi wao, na yangu pengine ukiianza utacheka, lakini nakuomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana mimi siku hizi hata chakula hakishuki, na kuna kiumbe ambaye uhai wake unategemea nitakachofanya kabla ya Jumapili.

Mimi ni mpiga pasi. Nafanya kazi kwenye udobi mkubwa, tunafua shuka na taulo za mahoteli na za zahanati, mimi niko sehemu ya pasi na kukunja, na msimamizi wetu ni mama mmoja tunayemwita Mama Mvuke kwa sababu hasira zake hupanda upesi na kushuka upesi. Ni mama mwenye roho safi, hilo ulijue mapema, kwa sababu ndiye ninayemdanganya.

Kati ya wateja wetu yumo daktari wa mifugo, na taulo zake huwa nazipeleka mwenyewe kwa kuwa kliniki yake iko kwenye njia yangu ya kurudi nyumbani, sasa siku moja nimefika na mzigo wangu nikamkuta mbwa kwenye kizimba, mdomo umejaa mvi, amelala juu ya taulo niliyoipiga pasi kwa mkono wangu, nikampigia mluzi hivi hivi tu, akainua kichwa na kuanza kunijia kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma inaburuzika kama nguo iliyolowa. Daktari akaniambia aligongwa na gari, uti wa mgongo ukaumia, mwenye mbwa alimleta, akasema anatoka mara moja kuchukua blanketi, na hajarudi mpaka leo. "Maumivu yamekwisha," akasema, "anakula, anapenda watu, ila hatatembea tena wala hawezi kukojoa mwenyewe. Hapa hawezi kuishi. Asipopata mtu, itabidi nimchome sindano ya mwisho." Dada yangu, mimi si mtu wa mbwa, utotoni nilikuwa nawakimbia, lakini nilirudi nyumbani naye ndani ya kapu la nguo.

Mke wangu alilitazama lile kapu akaniuliza ni nguo za nani, kisha akaona linapumua. Alisema hakuolewa ili aje kukamua mbwa mkojo, na kwamba nikimchafulia sakafu tutahama wote wawili, mimi na rafiki yangu. Lakini ni yeye huyo huyo aliyemshonea godoro, na ni yeye aliyempa jina la Babu, kwa ajili ya zile mvi na kwa jinsi anavyoguna ukimgeuza ubavu.

Utunzaji wake ndio huu: unamshika kiunoni, unapitisha vidole chini ya tumbo, unakitafuta kibofu, kipo kama chungwa, unakibana taratibu mpaka kilegee, halafu unamfuta, unamkausha, unamvisha nepi, unamgeuza upande ili asipate vidonda vya kulalia. Asubuhi, mchana na jioni. Daktari alinisisitiza kwamba mchana hauna mjadala, mkojo ukikaa humo kutwa utarudi kwenye figo na Babu hatadumu, na mke wangu ni mpishi wa shule, harudi mpaka jioni, kwa hiyo mchana ni wangu, na njia pekee ni kutoka kazini mbio, kumhudumia, na kurudi mbio, na mara nyingi nachelewa.

Sasa ndipo kosa lilipoingia. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, kila mmoja na pembe zake, mnanyoosha, mnasogeleana mpaka uso kwa uso, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena, kwa hiyo mwenzako akikuuliza jambo huna pa kupeleka macho. Siku hiyo nilikuwa nakunja na Mama Mvuke.

"Mbona siku hizi mchana unapotea?" akaniuliza.

"Nina mgonjwa nyumbani, mama."

"Pole. Anaumwa nini?"

"Mgongo. Miguu yake..." Nilitaka kusema miguu ya nyuma, Dada Mkubwa, naapa neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, lakini tulikuwa tumeshasogeleana, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, nami nikaimeza ile "ya nyuma". "Miguu yake haifanyi kazi," nikasema.

"Maskini. Ni nani wako?"

"Ni Babu."

Sikusema uongo hata neno moja, ukiangalia. Na lugha yetu nayo haikunisaidia, mtu amekula, mbwa amekula, mtu amelala, mbwa amelala, ukishaanza na "mgonjwa wangu" hakuna neno litakalokufichua. Aliniuliza kama Babu anajisaidia mwenyewe, nikasema hapana, namsaidia mimi. Akaniuliza kama ana meno, nikasema anayo yote, akashukuru Mungu. Kisha akashika pembe za shuka, akaniambia kwamba naye alimuuguza mama yake mzazi kitandani mpaka mwisho, na kuanzia siku hiyo mchana niwe nakwenda bila kuomba.

Nilifurahi kama mjinga. Nilidhani yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Akaanza kunifundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, na jinsi ya kukunja shuka kuukuu na kumwekea chini ya nyonga, nami nikamfanyia Babu vile vile na kidonda chake kimoja kilichokuwa kimeanza kikakauka, nikaenda kumshukuru, akafurahi, akawaambia wengine. Wenzangu wa pasi wakaniletea sabuni. Wakaniletea nepi za watu wazima, mke wangu akazikata nusu na kuzitoboa tundu la mkia. Dereva wetu, tunayemwita Kobe kwa mwendo wake, akasema Babu akitaka kuota jua yeye atakuja kumbeba mgongoni. Mwisho Mama Mvuke akaja kazini na kiti cha magurudumu cha marehemu mama yake, amekifuta mpaka kinang'aa, akanikabidhi mbele ya watu. Na mimi nikakipokea. Kiko sebuleni kwangu, nimekifunika shuka kwa sababu siwezi kukitazama.

Na sasa wamepanga, idara nzima, Jumapili wanakuja kumwona Babu. Nimesema hapendi wageni, wakasema wazee wote ndivyo walivyo. Nimesema anaweza kumng'ata mtu, wakacheka. Nilifikiria hata kusema Babu amefariki, mke wangu akaniuliza, "Na watakapokuja msibani utawaonyesha kaburi gani?" Yeye amenawa mikono, anasema wakibisha hodi atawafungulia, atawaambia karibuni, Babu yuko chini ya meza anajiramba, mengine nitajua mwenyewe.

Ninachoogopa si aibu peke yake. Mama Mvuke akijua, ruhusa ya mchana imekwisha, na pengine kazi pia, na ruhusa ikiisha Babu anarudi kwa daktari, na kwa daktari kilichobaki ni ile sindano. Mbwa mwenyewe hajui lolote, akinisikia mlangoni anaimba. Nifanye nini, Dada Mkubwa? Nimhamishe? Nimtafute mzee wa kumuazima?

Mimi Mpiga Pasi Niliyejiunguza.

DADA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nilicheka. Nilijizuia vizuri mpaka kwenye tundu la mkia, hapo nikashindwa, nisamehe. Na wasomaji wajue kwamba Jumapili yako isingelingoja gazeti, kwa hiyo maneno haya nilikusomea kwa simu siku ile ile barua ilipofika, na hapa nayachapa kama yalivyokuwa.

Nianze na jema, maana naona unajihesabu mtu mbaya. Mtu aliyekuwa anakimbia mbwa utotoni, akaona kiumbe kimeachwa na mwenyewe, akakitia kapuni na kukipeleka nyumbani, akajifunza kukitoa mkojo kwa vidole vyake kila siku, huyo si mtu mbaya. Mke wako naye ana maneno makali na mkono mwepesi wa sindano. Mshukuru leo, kwa sauti, asikie.

Sasa tukae sawa. Lugha usiisingizie. Lugha haikukutuma umeze "ya nyuma". Ulimeza kwa sababu huruma ya yule mama ilikuwa tamu na ukaogopa ingekatika ukisema mbwa. Ningekuwa mimi nimekosewa hivyo, nepi ningekusamehe, na sabuni pia. Kiti nisingekusamehe haraka. Kile kiti mama wa watu hakukitoa stoo. Alikitoa kwenye kidonda, na wewe ukakinyooshea mkono ukijua. Halafu unathubutu kuniuliza kuhusu kuazima mzee? Mzee gani atakubali kukalia uongo wako, umfundishe na kuguna?

Kwa hiyo sikiliza, na ufanye kama nilivyosema. Kesho uwahi kazini kabla pasi hazijapata moto na kabla wenzako hawajafika. Nenda na kiti. Usianze na "unajua mama", wala "kuna jambo dogo", wala usimpake mafuta kwa sifa. Mwambie maneno matatu: Babu ni mbwa. Kisha funga mdomo na upokee kitakachokuja, kiwe matusi, kiwe kimya, kiwe machozi. Usijitetee. Akimaliza, mwombe ile ruhusa upya, kwa sababu yake ya kweli, na umwambie utailipa kwa kubaki jioni mpaka kazi iishe. Ukitoka kwake, uwaambie wenzako wote kwa pamoja, wewe mwenyewe, wasisikie kwa Kobe.

Akikataa, bado Babu hajafa. Umeishi mtaa huo muda gani bila kumjua jirani anayeshinda nyumbani? Mtafute, mfundishe kukamua. Hata akikubali, mfundishe mtu. Siku ukiugua wewe, kibofu cha mbwa hakitajua kwamba una homa.

Haya, nenda.

UJUMBE WA MPIGA PASI, SIKU ILIYOFUATA

Dada Mkubwa, nimesema. Maneno yako matatu yalinitia matatani, lakini nimesema.

Nilimkuta peke yake kwenye shuka za asubuhi, akaniona na kile kiti, akadhani kimeharibika. Nikashika pembe za upande wangu, tukanyoosha, tukasogeleana, nikamwambia, "Mama, Babu ni mbwa."

Akashusha shuka. Akanitazama kwa huzuni. "Mwanangu," akasema, "najua umechoka, lakini usimtukane mzee wako. Wagonjwa wana vituko, mimi navijua. Kuna siku mama alinimwagia uji niliokuwa namlisha, nikamtamkia neno kama hilo. Alinisikia. Hakunijibu. Mpaka leo linaniuma."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kufukuzwa, kupigwa kwa foronya, kila kitu, isipokuwa hilo. Nikasema, "Mama, ana mkia."

"Nani ana mkia?"

"Babu. Ana mkia, na manyoya, na miguu minne, miwili ndiyo haifanyi kazi. Nilimchukua kwa daktari wa mifugo. Sina babu, mama, wote wawili walishafariki zamani. Nilikuacha uamini. Nisamehe."

Akarudi nyuma mpaka akakalia kapu la taulo. Nami nikafunga mdomo kama ulivyoniagiza, na ilikuwa kazi. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo hakuna mzee anayelala kitandani?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna mtu anayeteseka huko kwako?"

"Hakuna."

Akajifunika uso kwa upande wa shuka, akalia. Nilidhani analia kwa hasira. Akasema, "Mungu ashukuriwe. Tangu uliponiambia sikuwa na raha. Kila nikilala namwona huyo mzee, nasema yule kijana anafanya kazi siku nzima, atachoka, atamtamkia neno. Na Jumapili nilikuwa nimeshaanza kuiogopa. Sikujua nitaingiaje tena chumba kama kile cha mama." Akafuta macho. Hapo ndipo mvuke ukapanda, na sitakuandikia aliyoniambia kwa sababu gazeti lako linasomwa na watoto. Yote nilistahili. Kiti alikikokota mwenyewe mpaka ofisini, akasema zahanati kuna watu wa kweli wanaokihitaji, na atawapelekea yeye, si mimi.

Wenzangu niliwaambia walipofika. Kobe alilazimika kutoka nje kucheka. Mama Mvuke hakunisemesha asubuhi nzima, akanipa shuka kubwa nizikunje peke yangu, na kama hujawahi kukunja shuka ya kitanda kikubwa peke yako, ujue ni adhabu kamili. Mchana ukafika. Ruhusa sikuwa nimeiomba, sikuwa na uso wa kuiomba, nikabaki nimeinamia pasi nikimwaza Babu pale alipo, tumbo limejaa, akisikiliza mlango.

Nikasikia nyuma yangu, "Wewe, bado umesimama hapo unangoja nini? Kibofu kimpasuke?"

Sijui nilifikaje nyumbani, Dada Mkubwa. Najua tu kwamba nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, watu wananipisha njiani, na Babu aliponisikia alianza kuimba kabla sijaingiza ufunguo. Jioni nilibaki mpaka shuka ya mwisho. Mama Mvuke ameniambia nikuandikie yote, hata lile la mama yake, na amesema Jumapili anakuja, peke yake kwanza, anataka kumwona huyo aliyemnyima raha. Tumpokeeje?

NENO LA MWISHO LA DADA MKUBWA

Mdogo wangu, maneno matatu niliyokupa yalikuwa na shimo na sikuliona. Umejitoa mwenyewe, na nimefurahi mno, kuliko ninavyofurahia barua nyingi za harusi.

Jumapili fanya hivi. Fagia, mwoshe Babu, mwombe mke wako azuie ulimi kwa saa moja tu. Mama akiingia, mpe kiti cha kawaida, ila usishangae akikaa chini. Muda wa kumkamua ukifika, mwonyeshe mara moja. Akitaka kushika yeye, mwache ashike. Akitaka kumgeuza, mwache amgeuze. Na ukimsikia anamsemesha mbwa kwa sauti ya chini, anamwita mama, wewe usiulize. Chukua sufuria, nenda nje ukachemshe maji ya chai, na usirudi mpaka akuite.